Wakara na Ardhi Yao

Wengi wetu tuliosoma Mwanza tuliijua Ukara kwa mambo mawili. La kwanza ni lile jiwe linalocheza la Nyaburebeka, ambalo kila mwalimu wa Jiografia alilitaja. La pili ni utani wa bwenini, kwamba vijana wa Ukara walilelewa chumba kimoja na ng'ombe. Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli wenyewe ni sehemu ya historia ya mkoa wetu ambayo haikufundishwa vya kutosha.

Kisiwa cha Ukara kipo kaskazini ya Ukerewe. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 80, na sehemu yake si haba ni vilima vya mawe matupu ambavyo hata mbuzi hupita kwa kuchagua. Udongo unaobaki ni wa mchanga uliotokana na mawe hayohayo, nao ni mwepesi na hauna rutuba ya kudumu. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 walikuwa wakiishi humo zaidi ya watu 200 kwa kila kilomita moja ya mraba. Wakati huohuo, katika sehemu nyingi za Usukuma mtu aliweza bado kuliacha shamba lililochoka na kufyeka jingine. Mkara hakuwa na jingine la kufyeka.

Basi walifanyaje? Ng'ombe hawakuachwa wazurure, kwani malisho ya kuzurura hayakuwapo. Walifungwa ndani ya nyumba, katika sehemu iliyochimbwa chini ya usawa wa sakafu, wakaletewa majani humohumo. Majani waliyoyaacha yalikanyagwa pamoja na kinyesi, yakapanda siku hata siku, mpaka shimo likawa limejaa samadi. Hapo watu wa nyumba waliitoa na kuibeba hadi shambani. Nani aliyekata majani, nani aliyechota maji ya mifugo, nani aliyebeba samadi? Mzee mmoja angejibu kwamba ni kazi ya familia, lakini anayezijua nyumba zetu za Kanda ya Ziwa atajua kwamba mzigo mkubwa ulikuwa juu ya vichwa vya akina mama na watoto.

Majani yenyewe hayakuokotwa tu. Mabondeni na kando ya ziwa walichimba mashimo kufikia unyevu, wakapanda humo majani ya malisho, kama vile sisi wengine tupandavyo mboga. Majani ya miti nayo yalikatwa kwa kulisha na kwa mbolea, na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Asiyejua desturi hiyo akikata tawi njiani alijikuta barazani kwa wazee. Ardhi nayo ilikuwa na mwenyewe kwa namna iliyowashangaza wageni: vishamba viligawanywa kwa urithi kutoka baba hadi wana, vikawa vidogo na vya kutawanyika, na Wakara waliuziana. Sheria ya ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi ni mali ya umma chini ya Gavana, lakini Ukara watu waliendelea kununua na kuuza mapande yao bila kumwuliza Gavana.

Zao kuu lilikuwa uwele. Kati ya uwele walipanda marejea, mmea usioliwa wala kuuzwa, ambao kazi yake ilikuwa kukua na kisha kufukiwa ardhini uwe mbolea. Katika mzunguko huohuo ziliingia njugu mawe, na pengine mtama, mihogo na viazi. Penye maji walilima mpunga. Miteremko ilizuiliwa kwa kuta za mawe. Yote haya yalikuwapo kabla bwana shamba yeyote hajafika kuyafundisha.

Mabwana shamba walipofika walistaajabu. Mwaka 1936, Thornton na Rounce wa Idara ya Kilimo waliandika habari za kilimo cha Ukara katika toleo la kwanza la Tanganyika Notes and Records. Tangu hapo Wakara wakawa mfano. Kwa maoni yangu, sifa hizo zilileta hasara, maana wakubwa walizisoma kana kwamba bidii ni tabia ya kabila, na kwamba wasiofanya hivyo ni wavivu wa kuamrishwa.

Amri zikaja kweli. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulipoanza mwaka 1947, ulikuja na sheria nyingi: za matuta, za mihogo, za kupunguza mifugo, na mahimizo ya samadi. Watu walitozwa faini. Chuki ya sheria hizo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea wananchi wa Geita mwaka 1958, walipofika hadi Mwanza kupinga halmashauri ya mseto. Uluguru nako, ambako ni milimani, amri ya kuchimba ngazi za mashamba ilileta ghasia mwaka 1955. Msukuma aliyekataa kubeba samadi hakuwa mjinga. Alikuwa na ardhi kuliko mikono, na alipiga hesabu yake sawasawa.

Ushahidi wa hesabu hiyo umo kwa Wakara wenyewe. Tangu zamani wengi walihama, wakaenda Ukerewe na bara kutafuta nafasi. Huko walikopata ardhi ya kutosha, waliyaacha mashimo ya samadi, wakaacha na marejea, wakalima kama majirani zao. Rounce aliliona jambo hilo, na Mjerumani Ludwig, aliyechunguza mashamba ya Ukara katika miaka ya 1960, alilieleza kwa kirefu zaidi: Mkara alifanya kazi saa nyingi kuliko mkulima wa bara, na malipo ya kila saa yalikuwa madogo. Mwaka 1965 mtaalamu wa uchumi kutoka Denmark, Ester Boserup, alitoa kitabu kilichodai kwamba watu wakisongamana ndipo hubuni kilimo cha jasho jingi. Wakara walikuwa wamekwisha kulithibitisha hilo kwa migongo yao, na kulithibitisha mara ya pili kwa kuhama.

Sisemi haya kuwapunguzia heshima. Kulisha watu wengi namna ile juu ya mchanga, kizazi baada ya kizazi bila kuupumzisha, ni kazi kubwa, nayo yalingana na ile ya Wamatengo wa milima ya Mbinga na ngoro zao. Lakini kisiwa hakikuweza kujitosheleza kwa kila kitu. Siku zote kiliishi kwa kuvuka maji: kwa mitumbwi kwanza, halafu uvuvi wa sangara ulipopamba moto katika miaka ya 1980, biashara ikaongezeka, na mwishowe vikaja vivuko vya serikali.

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio huko Bugorora, upande wa Ukerewe. Mchana ule MV Nyerere, kivuko kilichojengwa kubeba watu 101, kilirudi Ukara na watu zaidi ya maradufu ya idadi hiyo, pamoja na mizigo yao. Kilipinduka mita chache kabla ya gati la Bwisya, mbele ya waliokuwa wakiwangoja. Walikufa watu zaidi ya 220. Baadhi yao walizikwa palepale Bwisya, katika ardhi ileile ya mchanga.