Vagoni Namba 2419: Mwili Uliungua, Jina Likarithiwa

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, ndoa, mazishi na viti vya wafalme. Leo tunapenda kuzungumza juu ya vagoni ya wasafiri ya huko Ufaransa. Mutu atauliza: hiyo nayo ni desturi? Tunajibu: ndiyo, kwa kuwa kisa chake kinafanana na jambo ambalo wankambo wetu walilijua zamani sana, jambo la kurithi jina.

1. Kavagoni kadogo

Huko Ulaya wako watu wazima wengi, hata wazee wenye mvi, wanaokusanya treni ndogo. Si mchezo wa watoto tu. Kipimo kinachopendwa zaidi ni cha 1 kwa 87: kila kitu kinapunguzwa mara 87. Vagoni yenye urefu wa mita 20 inakuwa kavagoni ka sentimita 23 hivi, mutu anakaweka juu ya kiganja na mkono. Milango, madirisha, maandishi, yote iko pale.

Lakini fundi wa vitu hivyo ana kazi ngumu kuliko kupunguza. Lazima ajue historia. Akitaka kutengeneza vagoni namba 2419, swali la kwanza ni hili: 2419 ya mwaka gani? Asipojibu swali hilo, kazi yake itakuwa nzuri kwa macho na ya uongo kwa habari.

2. Maisha ya vagoni yenyewe

Vagoni 2419 ilitengenezwa mwaka 1914 huko Saint-Denis, karibu na Paris. Ilikuwa mali ya kampuni ya Wagons-Lits, iliyoanzishwa na Mbelgiji Georges Nagelmackers, mtu wa Liège. Kazi yake ilikuwa kulisha wasafiri: ilikuwa na jiko na meza za chakula. Mwili wake ulikuwa wa mbao za mti unaoitwa mtiki, za rangi ya kahawia, zilizopakwa vanishi. Vagoni za chuma zenye rangi ya buluu, ambazo wengi wanazijua kwenye picha, kampuni hiyo ilianza kuzitumia mwaka 1922. Kwa hiyo anayepaka 2419 rangi ya buluu amekosea tangu mwanzo.

Mwaka 1918, jemadari mkuu wa majeshi ya Ufaransa na wenzao, Ferdinand Foch, alihitaji ofisi ya kusafiri nayo. Meza za chakula zikaondolewa, ikawekwa meza moja kubwa. Tarehe 11 Novemba 1918, saa kumi na moja ya alfajiri ikiwa imepita kidogo, ndani ya pori la Compiègne, wajumbe wa Ujerumani walioongozwa na Matthias Erzberger walitia sahihi juu ya meza hiyo. Saa tano ya asubuhi bunduki zikanyamaza kule Ulaya.

Baadaye vagoni iliwekwa Paris, uwanjani pa Invalides, tangu 1921 hadi 1927. Mvua na jua viliiharibu. Mmarekani mmoja, Arthur Henry Fleming, alitoa pesa, ikatengenezwa na kurudishwa Compiègne ndani ya nyumba yake.

Kumbe kisasi hakilali. Mwezi wa sita mwaka 1940 Ujerumani ilishinda Ufaransa. Hitler aliamuru vagoni itolewe. Ukuta wa nyumba ukabomolewa, vagoni ikavutwa mpaka pahali pale pale iliposimama mwaka 1918. Tarehe 22 Juni 1940 Wafaransa nao wakatia sahihi ndani yake. Halafu ikapelekwa Berlin, watu wakaiangalia sawa mateka wa vita. Mwaka 1945, vita ikiwa inakwisha, iliungua katika jimbo la Thuringia. Huo ulikuwa mwisho wa mwili wake.

3. Mrithi

Lakini mutu akienda leo Compiègne, atakuta vagoni ya mbao, na namba yake ni 2419. Je, imefufuka? Hapana. Kampuni ilitoa ndugu yake, vagoni iliyotoka katika karakana ile ile ya Saint-Denis, ambayo namba yake ilikuwa 2439. Wakaipanga ndani sawa ofisi ya Foch, wakaipa namba ya marehemu. Tarehe 11 Novemba 1950 ikasimikwa.

Tumetumia neno kusimikwa kwa makusudi. Kwa Walunda wa Musumba, Mwant Yav akifa, mrithi hapokei tu mali na lukanu, ile bangili ya ufalme. Anapokea jina, na pamoja na jina anapokea ndugu, wake na deni za yule wa kwanza. Vile vile kwa Kazembe wa Luapula: mfalme anaweza kusema "mimi nilivuka mto ule", kumbe aliyevuka ni mwenye jina aliyekufa miaka mia mbili iliyopita. Mgeni ataona ni uongo. Si uongo, kwa kuwa kila mutu kijijini anajua nani alikufa na nani alirithi. Kuna siku ya kilio na kuna siku ya kusimika, na zote mbili zinafanyika mbele ya watu.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya kurithi na kudanganya. Vagoni 2439 ni mrithi wa haki muda wote ambapo watu wanaambiwa wazi kwamba ile ya kwanza iliungua. Siku watakaponyamaza, itakuwa mwizi wa jina. Njia ya mwongo ni fupi. Na kavagoni ka sentimita 23 nako kako chini ya sheria hiyo hiyo: fundi aandike kama ametengeneza vagoni ya chakula ya 1914, ofisi ya 1918, ao mrithi wa 1950.

4. Na sisi je?

Msomaji asifikiri kwamba meza ile ya Compiègne haikutuhusu. Vita iliyomalizwa pale ilipita kwetu. Mwaka 1915 njia ya reli kutoka Kabalo ilifika kwenye ziwa Tanganyika, pale Kalemie, ambapo wakati huo paliitwa Albertville. Reli hiyo ilibeba askari na silaha, pamoja na mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizotoka mbali kusini mwa Afrika. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique waliingia Tabora. Nyuma yao, na mbele yao pia, walitembea wapagazi, zaidi ya laki mbili kwa jumla, na mizigo juu ya kichwa. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa.

Hata habari ya sahihi ya Compiègne ilichelewa kufika Afrika. Jemadari Mjerumani von Lettow-Vorbeck aliipata siku chache baadaye, na aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala, inchi ya Zambia.

Basi tupime. Vagoni moja ya mbao ina namba, ina mrithi, ina nyumba, ina hata mifano midogo katika makabati ya watu. Mpagazi aliyebeba sanduku la risasi toka ziwa mpaka Tabora, jina lake liko wapi? Mara nyingi halikuandikwa katika buku lolote. Kama liko, liko ndani ya jamaa: mutoto alipewa jina la nkambo yake, na mzee mmoja bado anajua kwa nini.

Sisi walimu tunaomba kitu kimoja. Kila anayebeba jina la marehemu katika jamaa yake aulize wazee: mwenye jina wa kwanza alikuwa nani, alifanya nini, alikufa wapi? Aandike majibu katika kaye, na mwaka kama unajulikana. Wankambo wetu hawakutuachia jina litupu. Walituachia jina pamoja na habari yake. Tukibeba jina na kuacha habari, tutakuwa sawa vagoni iliyobadilishwa namba usiku, bila kilio na bila kusimikwa.