Wakimbizi Wawili Nyuma ya Usukani

Mario Andretti alizaliwa Istria mwaka 1940, akaishi kambi ya wakimbizi huko Lucca, Italia, na akatua Marekani mwaka 1955 akiwa na miaka 15. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, familia ya Mehta ikahamia Kenya. Mwaka uliofuata akashinda mbio za magari za Safari za Afrika Mashariki kwa Datsun 240Z, tena baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Wote wawili walipoteza kwao, wakajipatia jina kwa usukani. Kufanana kwao kunakomea hapo.

Andretti ni zao la barabara iliyojengwa kwa ajili ya gari. Indianapolis, alikoshinda mwaka 1969, dereva huizunguka njia moja mara 200. Kona ni nne na anazijua zote; anachopigania ni sehemu ya sekunde. Hata kwenye langalanga, alikotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1978, mafundi hawako mbali.

Safari, kinyume chake, ilikuwa kushindana na nchi yenyewe. Ilifanyika Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, kwenye barabara zilezile za malori na ng'ombe. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Msomaji wa Tarime au Mugumu hahitaji kuelezwa mengi. Anaijua njia ya Nyamongo mvua ikishapiga, pale ambapo lami haijafika: tope linaganda kwenye matairi, abiria wanashuka, wanakunja suruali na kusukuma, na aliyesimama nyuma ya tairi ndiye anayerudi na matope usoni. Konda anatangulia kwa miguu, fimbo mkononi, kupima kina cha maji. Ndiyo barabara za namna hiyo walizozishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell, mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404.

Kwa hiyo kumwita Mehta "Andretti wa Afrika" ni kumpunja. Andretti ana upana usio na mfano: mbio za Daytona, za Indianapolis na taji la langalanga, na hakuna mwingine aliyezipata zote tatu. Mehta hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Lakini Safari aliishinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982.