Neno la Leo: Kinga haiuzwi dukani
Wafugaji wa kuku, Makorora na kwingineko, husema “nimewapa vifaranga kinga” hali wametia amproliamu kwenye maji kwa ajili ya kuhara damu. Hapo neno limepotoka. Kinga hutokana na kukinga: kuzuia kitu kisikufikie, au kutega ndoo chini ya mchirizi wa paa ipokee maji ya mvua. Dawa ile humbana eimeria, kimelea kinachojificha ndani ya seli za utumbo; ukiacha kuitia, imekwisha. Kinga ni ya kuku mwenyewe. Seli zake nyeupe za damu, baadhi humeza kimelea, baadhi huua seli iliyokwisha vamiwa, na nyingine hubaki zikimkumbuka adui. Chanjo nayo, kutoka kuchanja ngozi, huamsha kinga hiyo, hata siku hizi inapokuwa tone la jichoni dhidi ya kideri.

Atasema mtu: mbona ipo “dawa ya kinga”? Ipo, na ni sahihi, kwa kuwa neno dawa limebaki mahali pake. Ukiliondoa, mfugaji huamini kuku wamekwisha kingwa, akaacha maranda yalowe, na mayai ya eimeria hukomaa penye unyevu. Mfugaji, sema umewapa dawa, kisha ubadilishe maranda.