New York Yankees: michezo ya kukumbukwa ya Julai

New York Yankees ni timu ya besiboli ya kulipwa ya Marekani yenye makao yake Bronx, jijini New York. Baadhi ya siku zake kuu zimeangukia Julai, katikati ya kiangazi na ya msimu.

Tarehe 4 Julai 1939, kati ya michezo miwili dhidi ya Washington Senators, mchezaji wa Yankees Lou Gehrig, aliyeugua ugonjwa wa neva wa ALS, aliwaaga mashabiki zaidi ya 60,000. Tarehe 17 Julai 1941, timu ya Cleveland ilimzuia Joe DiMaggio wa Yankees, aliyekuwa amepata pigo salama katika michezo 56 mfululizo. Rekodi hiyo haijavunjwa.

Tarehe 24 Julai 1983, George Brett wa Kansas City Royals aliuvusha mpira uzio, lakini waamuzi wakamtoa kwa kuwa gongo lake lilipakwa utomvu wa msonobari kupita kiasi. Uamuzi ulitenguliwa, mchezo ukamaliziwa Agosti 18, na Yankees wakashindwa 5–4.

Tarehe 18 Julai 1999, mrushaji wa Yankees David Cone aliwatoa wapigaji wote 27 wa Montreal Expos kwa mirusho 88 tu. Alishuhudiwa na Don Larsen, mrushaji wa zamani wa Yankees aliyewahi kufanya hivyo katika fainali za 1956.