Kabla hujatoa damu kwa sababu ya kazi

Binti wa dada yangu alifika kwangu Likoni jioni moja na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa amepita mahojiano ya kazi ya jikoni katika hoteli moja ya Pwani Kusini, na ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya kupimwa afya. "Mjomba, hebu nisomee hii," akaniambia. Mimi si daktari. Nilikuwa karani wa chama cha wafanyakazi kwa miaka mingi, na fomu za aina hiyo nimezisoma hadi nimezichoka. Hii ilikuwa ya kawaida: choo, mkojo, damu, kifua. Lakini chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu mistari miwili: virusi, mimba.

Tuanze na vile vya kawaida, kwa sababu vina maana yake. Anayeshika chakula cha watu, awe mpishi wa hoteli au muuza mahamri kibandani, anatakiwa awe na cheti cha afya, na cheti hicho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo kwa muda mrefu bila kuumwa hata kichwa, huku akivitoa chooni na kuvirudisha kwa vidole ambavyo hakuviosha vizuri. Amiba na minyoo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana unapewa kikopo, hata kama unaona haya kukibeba ndani ya matatu. Kuna wanaonunua cheti bila kutoa hata tone la mkojo. Kijana mmoja alinionyesha chake huku akicheka, na tangu siku hiyo sijala chipsi zake.

Mistari ile miwili ya kalamu ni habari nyingine. Virusi vya Ukimwi haviambukizi kwa chapati wala kwa sahani, kwa hiyo jikoni kipimo hicho hakimlindi mlaji yeyote. Na sheria imeshasema. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006, kifungu cha 13, inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi kama sharti la kupata kazi au kubaki kazini. Kupima ni kwa ridhaa yako, unapewa ushauri kabla na baada, na majibu ni yako. Sheria hiyo hiyo iliunda mahakama maalumu ya kusikiliza malalamiko ya namna hii.

Kuhusu mimba, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya ujauzito, hali ya virusi au ulemavu. Wengi hudhani inamlinda aliyekwisha kuajiriwa tu. Sivyo, hata anayeomba kazi yumo. Tena ikifika mahakamani, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mahali ambapo swali la mimba lina haki yake ni pale kwenye eksirei, maana miale si mizuri kwa mtoto aliye tumboni. Hapo mwambie anayekupiga picha, naye hana haja ya kumpigia meneja simu.

Kwa jumla mwajiri anahitaji jibu la swali moja: je, huyu anaweza kufanya kazi hii bila kujidhuru na bila kudhuru wengine? Daktari akiandika "anafaa", "anafaa kwa masharti haya" au "hafai kwa sasa", inatosha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Ukiona bahasha yako inapita kwa mlinzi, kwa karani na kwa dereva ikiwa wazi, una haki ya kuuliza kwa nini.

Nisieleweke vibaya, kuna vipimo vinavyomlinda mfanyakazi mwenyewe. Anayekwenda kufanya kazi penye mashine za kelele au vumbi la saruji, na huku Pwani wako wengi, apimwe masikio na mapafu siku ya kwanza na aweke nakala nyumbani. Miaka kumi baadaye akiwa kiziwi, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba aliingia akiwa anasikia.

Mabaharia wao wana utaratibu wa kimataifa. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unataka cheti cha afya kabla ya kupanda meli. Kinadumu miaka miwili, na mwaka mmoja kwa aliye chini ya miaka 18. Kipimo cha kutambua rangi kinadumu miaka sita, na si mchezo: usiku meli hujulikana inakoelekea kwa taa nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia. Nenda kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, si yeyote mwenye koti jeupe. Ukinyimwa cheti, mkataba unakupa nafasi ya kupimwa tena na daktari mwingine asiye na uhusiano na mwenye meli. Gharama ya cheti inaweza kuwa juu yako, lakini wakala akikudai pesa za kukutafutia meli, huyo amevuka mpaka.

Uarabuni ndiko watu wanakoumia zaidi. Kifungu kile kile cha 13 kinakataza pia kulazimisha kipimo kama sharti la kusafiri nje ya nchi, lakini visa inatolewa na nchi nyingine kwa sheria zake. Nchi za Ghuba hupokea vipimo kutoka vituo walivyoviteua wenyewe, nao hutazama virusi, homa ya ini aina ya B na C, kaswende, kifua kikuu na mimba. Jibu linaingizwa katika mtandao wao. Ukiandikwa "hafai" kwa safari ya Saudi Arabia, usidhani utajaribu Qatar mwezi ujao na wasione. Na ukifika huko unapimwa tena kabla ya kupewa kibali cha kukaa. Aliyepita hapa kwa ujanja hukamatwa kule, akarudishwa na deni la wakala mgongoni.

Kinachowashangaza wengi ni kovu. Mtu aliugua kifua kikuu zamani, akameza dawa zake zote, akapona, lakini eksirei bado inaonyesha alama, naye anakataliwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila anayeniuliza ni ule ule: pitia hospitali ya serikali kwanza, upime kwa siri yako, kabla hujaacha kibarua, kabla mama hajauza mbuzi, kabla hujamlipa wakala hata shilingi. Kifua kikuu kikionekana, dawa zake ni bure katika hospitali za umma.

Basi tukaenda na yule binti maabara. Mhudumu, mama wa makamo, aliisoma fomu akamwuliza kama anataka kupimwa virusi kwa hiari yake. Akajibu atakuja siku nyingine, na si kwa ajili ya hoteli. Mstari wa mimba nao ukabaki mtupu. Ikaandikwa: anafaa kushughulikia chakula.

Hotelini karani aliigeuza karatasi mara mbili, akauliza mbona ya chini hayajajazwa. Binti akamwambia sheria hairuhusu. Karani akaenda kwa meneja, binti akakaa kwenye benchi saa nzima. Wiki iliyofuata aliitwa kuanza kazi. Sitakudanganya, msomaji, nimewajua waliojibu hivyo hivyo na simu haikulia tena, nao hawakuwa na ushahidi wowote kwa sababu fomu ilibaki kwa mwajiri.

Ile ya kwetu niliipiga picha kabla hajairudisha, pamoja na ile mistari miwili ya kalamu. Bado iko kwenye simu yangu.