Daktari akikosea kwa kisu, anahukumiwa kwa nini? Uzi mrefu kidogo, vumilieni

Wadau, msimu wa siasa ukikaribia lazima mtu apande jukwaani aseme, "Tukiingia, daktari akiua mgonjwa ananyang'anywa leseni siku hiyo hiyo." Makofi. Kesho yake mwingine anajibu, "Madaktari hawana makosa, shida ni mfumo." Makofi tena. Mimi nasomea siasa, si udaktari, kwa hivyo mambo ya kisu msiniulize. Lakini hizi hoja mbili zina historia, na historia yenyewe inaonyesha mbona huwa tunazunguka palepale.

Tuanzie Uingereza kwa sababu sheria yetu ilitoka huko. Mwaka 1858 Bunge lao lilipitisha Sheria ya Matibabu, likaunda baraza la kusajili madaktari. Shida iliyokuwa ikitatuliwa haikuwa upasuaji mbovu. Wananchi walikuwa hawawezi kutofautisha daktari aliyesoma na tapeli, basi ikawekwa rejista. Baraza likapewa uwezo wa kumfuta daktari akipatikana na "mwenendo wa aibu" katika taaluma yake. Soma tena pole pole. Mwenendo. Aibu. Kazi duni haikutajwa.

Na walimaanisha hivyo. Mwaka 1892 walimfuta daktari mmoja anaitwa Thomas Allinson. Kosa lake? Alijitangaza magazetini na kuwaponda madaktari wenzake na dawa zao. Alienda kortini, na mwaka 1894 Mahakama ya Rufaa ikamwambia hivi: jambo ni la aibu ikiwa madaktari wenzako wenye sifa nzuri wataliona ni la aibu. Yaani kipimo ni macho ya wenzako, mgonjwa hayumo. (Allinson hakufa njaa, alikuwa na kinu cha unga. Hadi leo kuna mkate wa jina lake Uingereza.)

Kwa miaka mingi sana walioogopa baraza lile walikuwa daktari mlevi, daktari aliyelala na mgonjwa, daktari aliyejitangaza. Daktari wa upasuaji mwenye mkono mzito lakini tabia nzuri? Huyo alikuwa salama. Maneno ya sheria yalibadilishwa mwaka 1969, ila uwezo wa kumchunguza daktari kwa sababu tu kiwango chake cha kazi kiko chini haukuja mpaka 1997.

Sasa sisi. Sheria yetu ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 253, ilianza kutumika 1978, miaka 15 baada ya uhuru. Kifungu cha 20 kilikuja na maneno yale yale: bodi ingeweza kumfuta daktari kwa mwenendo wa aibu au wa kufedhehesha katika taaluma. Bendera tulibadilisha, lugha ya 1858 tukabaki nayo.

Haya, kwani maneno yana shida gani? Ndio tunafika Bristol.

Mwaka 1988 daktari wa nusukaputi, Stephen Bolsin, alianza kazi katika Bristol Royal Infirmary. Akaona upasuaji wa moyo wa watoto unachukua muda mrefu kuliko alivyozoea London, na watoto wanakufa. Mwaka 1990 akamwandikia mkuu wa usimamizi wa hospitali. Hakupata alichotarajia, zaidi ya kuonekana msumbufu. Yeye na mwenzake wakaanza kukusanya takwimu wenyewe, mtoto mmoja mmoja.

Januari 1995 mtoto wa miezi 18 alipangiwa operesheni ya kuhamisha mishipa mikubwa ya moyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo madaktari waliketi kikao: tuendelee au tusiendelee? Bolsin akapinga. Wengine wakakubaliana iendelee. Mtoto hakutoka hai.

Hebu tukae hapo kidogo. Hao hawakuwa walevi. Hawakuwa matapeli. Walikuwa wataalamu wanaoheshimika, wenye kufanya kazi saa nyingi. Ukiwapima kwa kile kipimo cha "wenzako wanakuonaje", wangepita bila shida, na kwa kweli walikuwa wanapita kila mwaka.

Baraza la Uingereza lilianza kuwasikiliza Oktoba 1997, likamaliza Juni 1998. Liliangalia operesheni 53. Katika hizo, watoto 29 walikufa. James Wisheart, daktari wa upasuaji, akafutwa kwenye rejista. Mwenzake Janardan Dhasmana akazuiwa kuwafanyia watoto upasuaji kwa miaka mitatu. Wa tatu ndiye ananivutia zaidi: John Roylance, yule mkuu wa usimamizi aliyeandikiwa barua. Hakushika kisu hata siku moja katika kesi hizo, lakini naye alifutwa. Akakata rufaa, na mwaka 1999 akashindwa.

Mbona afutwe? Kwa sababu aliambiwa na hakuzuia. Hata kwa wale wawili, uzito haukuwa kwamba operesheni zilienda vibaya, maana operesheni ya moyo wa mtoto inaweza kwenda vibaya mikononi mwa yeyote. Uzito ulikuwa kwamba matokeo yao yalikuwa mbele ya macho yao na wakaendelea, na kwamba kuna wazazi walioambiwa uwezekano wa mtoto kupona ni mkubwa kuliko ulivyokuwa pale hospitalini. Mzazi alitia sahihi akiamini hesabu ambayo haikuwa ya Bristol.

Lakini angalia pia upungufu. Roylance alifikiwa kwa sababu tu alikuwa amesomea udaktari. Angekuwa mhasibu, baraza lisingemgusa kabisa. Ndiyo sababu uchunguzi wa umma uliongozwa na Profesa Ian Kennedy ulihitajika, na ripoti yake ya Julai 2001 ikasema kati ya 1991 na 1995 watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja walikufa zaidi ya ambavyo ungetarajia kwenye kituo cha kawaida. Takwimu zilikuwa tele ndani ya hospitali. Kuzisoma na kuchukua hatua haikuwa kazi ya mtu yeyote. Bolsin mwenyewe, kufikia wakati huo, alikuwa ameshahamia Australia. Hilo nawaachia wale wanaosema "mbona madaktari wetu hawasemi".

Turudi nyumbani. Machi 2018 tulisikia kwamba Hospitali Kuu ya Kenyatta imempasua kichwa mgonjwa asiye yeye. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine alikuwa na uvimbe tu usiohitaji upasuaji. Vitambulisho vilichanganywa, na ilichukua saa kadhaa thieta ndipo ikagundulika damu iliyoganda haipo. Daktari, wauguzi na wa nusukaputi wakasimamishwa, mkurugenzi akapelekwa likizo ya lazima, na madaktari wenzake wakaandamana kumtetea. Mnakumbuka mtandao ulivyogawanyika: "afungwe" huku, "mfumo" kule. Watu wachache sana waliuliza swali la Bristol, yaani nani alijua nini, lini, na nani alikuwa na uwezo wa kusimamisha.

Mwaka ufuatao, 2019, sheria ilirekebishwa. Bodi ikawa baraza, na kifungu cha 20 sasa kinaanzia kwa mtu ambaye hakuridhika na huduma au anayedai viwango vimevunjwa. Baraza linaweza kuonya, kumrudisha daktari kwenye mafunzo, kumsimamisha, kumfuta, na hata kugusa leseni ya hospitali yenyewe. Kwangu mimi hayo ni mageuzi makubwa kuliko yanavyosifiwa, maana mgonjwa ameingia kwenye sentensi. Na Katiba, Ibara ya 47, inamlinda daktari pia: lazima asikilizwe kwanza. Kwa hivyo ile ahadi ya "siku hiyo hiyo" haiwezekani kisheria, hata aliyeitoa akishinda.

Lililobaki ni barua ya 1990. Daktari wa nusukaputi katika hospitali ya kaunti akiandika leo kwamba mwenzake anapoteza wagonjwa wengi, barua inaenda kwa nani, na huyo mtu analazimika kujibu ndani ya siku ngapi? Mgombea wako akija na sera ya afya, muulize hilo. Fidia ni mambo ya korti ya madai, hiyo tutafanya uzi mwingine.