Fanani Asiye na Sikio: Mchezo wa Zanac (1986) na Suala la Hadhira

Katika mijadala ya fasihi simulizi tumezoea kushikilia kwamba utendaji hautenganiki na hadhira yake. Fanani huona nyuso zimechoka akafupisha ngano, au huona zimechangamka akairefusha. Msimamo huo umetumiwa mara nyingi kama mpaka baina ya simulizi na maandishi: kitabu, tunasema, hakimjui msomaji wake. Makala haya yanauchunguza mpaka huo kwa mfano usiozoeleka katika kurasa hizi, yaani mchezo wa kompyuta wa vita vya angani uitwao Zanac.

Mchezo huu uliundwa na kampuni ya Compile ya Hiroshima na kutolewa Japani mwaka 1986, kwa kompyuta za nyumbani za mfumo wa MSX uliotangazwa mwaka 1983 kwa ushirikiano wa ASCII na Microsoft. Mchezaji huongoza chombo kimoja kilicho sehemu ya chini ya kiwambo. Mandhari huteremka kutoka juu, na maadui pamoja nayo. Kisa ni kifupi. Viumbe wa kale waliacha fumbo: alifumbuaye sawasawa hupata hekima, alifumbuaye vibaya huamsha mtambo wa maangamizi. Binadamu wamekosea. Kwa kuwa mtambo umeundwa kukabili majeshi makubwa, hutumwa chombo kimoja kidogo. Mwiko umevunjwa, zimwi limeamka, na anayetumwa ni mdogo asiyetazamiwa. Umbo hili hatuhitaji kufundishwa na Wajapani.

Fani yake ilibanwa na mashine. MSX ya kwanza haikuweza kuonyesha zaidi ya picha 4 zinazojitegemea katika mstari mmoja wa mlalo, wala haikuwa na njia yake ya kuviringisha mandhari. Anayedhani kwamba bana la mizani ni mateso ya washairi peke yao na atazame hapa.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba Zanac humsoma mchezaji. Programu hupima jinsi anavyofyatua risasi, silaha aliyonayo na namna anavyopona, kisha huongeza au hupunguza ukali wa maadui. Anayefyatua ovyo huletewa mawimbi mazito. Aliyepoteza chombo hulegezewa. Tulipowatazama vijana wawili wa Mwihoko, huko Ruiru, wakiucheza kwa programu inayoiga mashine hiyo ya zamani, hatua ileile ilikuwa vita viwili tofauti: kwa mwenye pupa kiwambo kilijaa, kwa mwenye subira kilipumua. Iwapo kuitikia hadhira ndicho kigezo chetu, Zanac umefuzu, na ngano zilizokaushwa katika vitabu vya kiada, ambazo bado tunazitahini kama fasihi simulizi, zimefeli.

Jibu la haraka ni kwamba mashine huhesabu tu, haisikii. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi. Hata malenga katika majibizano huanza kwa kuhesabu: vina vya mpinzani, mizani yake, pale alipoteleza. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipowajibu wapinzani wake katika karne ya 19, jibu lilikatwa kwa kipimo cha shambulio. Tofauti iko kwingine. Majibizano yalikuwa na mpinzani, na yalikuwa na mji uliosikiliza na kuamua nani ameshindwa. Zanac unamjua mpinzani tu. Kule Mwihoko (jina ambalo kwa Kigikuyu ni tumaini) nyuma ya mchezaji walisimama watoto watano au sita wakipiga kelele, wakishauri, wakiwabatiza maadui majina ya kwao. Mashine haikuwa na habari nao. Yaelekea basi istilahi yetu ya hadhira imebeba watu wawili, anayejibiwa na anayeshuhudia, nasi tumewafundisha kama mmoja.

Kwa nini basi uhakiki wetu haukuyaona haya mapema? Sababu moja ni historia ya mashine zenyewe. Tanzania Bara ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Katika Ghuba, kwa upande mwingine, kampuni ya Al-Alamiah ya Kuwait iliuza MSX za Kiarabu kwa jina la Sakhr katika miaka ya 1980, na huko ndiko mfumo huu ulikozikaribia zaidi nyumba za wasemaji wa Kiswahili, wale waliohamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya 1970. Sababu ya pili ni yetu wenyewe: Katama Mkangi alipompeleka Dzombo angani katika Walenisi (1995), tulikimbilia itikadi ya riwaya na chombo kile tukakipita kama pambo. Wale watoto waliosimama nyuma ya mchezaji wangeanza na chombo.